Ukakasi Una Jina Tayari

Tafuna bibo, lile tunda linaloning'inia na korosho yake chini, kisha pitisha ulimi kwenye fizi. Mate yanakauka, ulimi unakuwa kama umepakwa vumbi, mashavu yanajikunja kwa ndani. Mtoto wa Mtwara hahitaji darasa ili ajue hali hiyo inaitwaje: ni ukakasi. Ndizi mbichi ina ukakasi. Zambarau ambayo haijaiva sawasawa ina ukakasi. Chai ya rangi iliyosahauliwa na majani yake ndani ya birika ina ukakasi. Divai nyekundu nayo inao, na sababu ni ileile: mmea huhifadhi kemikali za kundi moja kwenye ganda, kokwa na kikonyo, na kemikali hizo zikikutana na mate hushikana na protini zake mpaka utelezi wa kinywa unapotea. Wataalamu huziita tanini. Mnywaji wa mara ya kwanza akikunja uso huambiwa divai hii "ina tanini nyingi". Naye hutikisa kichwa kama aliyeelewa, na siku nyingine akaagiza soda.

Husemwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakina msamiati wa divai. Sikubaliani. Kinao, ila umetawanyika: mwingine uko juu ya mnazi kwa mgema, mwingine jikoni kwenye mbuzi ya nazi na kifumbu, mwingine mashambani kwa wakulima wa korosho na karafuu. Kinachokosekana ni mtu wa kuukusanya na kuuweka mbele ya anayelima zabibu na anayezinywa. Badala yake viwanda, wauzaji, na sisi tunaoandika magazetini tumeridhika na maneno ya kigeni yaliyomezwa bila kutafunwa. Lingekuwa suala la madoido ya mezani tu, nisingepoteza wino. Lakini zabibu ni zao la biashara la watu wa Dodoma, na bei ya zao lolote hukaa ndani ya maneno: daraja, usafi, unyevu, ukomavu. Anayeuza kwa maneno asiyoyaelewa hupokea bei asiyoweza kuihoji.

Tuanze na lile ambalo wenyeji wameshalitengeneza. Mizabibu ilifika Dodoma mikononi mwa wamisionari wa Kikatoliki, na jina la Bihawana ndilo linalotajwa kila historia hiyo inaposimuliwa. Kanisa lahitaji divai ya misa, na sheria yake inataka iwe ya zabibu halisi, isiyoharibika. Leo mashamba yako Hombolo, Mpunguzi, Mbabala, Chinangali ya wilayani Chamwino, na Makutupora, ambako pana kituo cha utafiti na ambako zabibu nyekundu inayolimwa sana huko imepata jina lake, Makutupora Nyekundu. Chenin Blanc ndiyo nyeupe inayojulikana zaidi. Sasa, zabibu haisubiri. Ikishachumwa, siku chache za jua la Dodoma zinatosha kuigeuza hasara, kwa hiyo wakulima na wasindikaji wadogo wamezoea kuikamua wenyewe na kuuza kile wanachokiita mchuzi wa zabibu. Neno hilo lilizaliwa shambani na kwenye matenki, na kila mtu wa biashara hiyo analielewa. Lina kasoro moja tu: linabeba vitu viwili. Juisi iliyokamuliwa leo asubuhi ni mchuzi, na divai iliyokwisha kuchachuka, inayomsubiri mnunuzi wa jumla, nayo ni mchuzi. Maisha ya bidhaa hizo mbili hayafanani hata kidogo. Ya kwanza itaanza kuchemka yenyewe kwenye joto lile, utake usitake. Ya pili inaweza kukaa miezi kadhaa ikiwa hewa imezuiwa kuifikia. Kuongeza neno moja tu, mchuzi mbichi na mchuzi uliochachuka, kungepunguza mabishano mengi pale lori la mnunuzi linapofika.

Neno jingine linalogusa mfuko moja kwa moja ni Brix, ambalo ni jina la Mjerumani wa karne ya 19, Adolf Brix. Hakuna uchawi ndani yake. Digrii 1 ya Brix ni gramu 1 ya sukari katika kila gramu 100 za juisi. Chombo cha kupimia, refraktomita, ni kijibomba kinachoingia mfukoni. Unaminya punje moja, unadondosha tone juu ya kioo, unalaza kifuniko, unaelekeza kwenye mwanga na kuchungulia kwa jicho moja kama anayechungulia tundu la ufunguo. Ndani unaona duara lililogawanyika, juu buluu, chini nyeupe, na pale rangi mbili zinapokutana pana namba. Namba hiyo ndiyo habari yote. Chachu hula sukari na kuacha pombe. Kwa hesabu ya kawaida, kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa asilimia 1 ya pombe. Juisi ya Brix 22 itatoa divai yenye pombe ya asilimia 12 au 13. Juisi ya Brix 16 itaishia 8 au 9, divai nyepesi isiyodumu. Kwa hiyo mkulima anapoambiwa zabibu zake "hazijafika", kinachozungumzwa si ukubwa wa punje wala weusi wa ganda. Kinazungumzwa kitu ambacho yeye mwenyewe angeweza kukiona kwa jicho lake alfajiri ya siku ya kuchuma.

Na hapa ndipo maneno yanapogeuka fedha. Maji yakizidi karibu na mavuno, ya mvua au ya mfereji, punje huvimba: kilo zinapanda, Brix inashuka. Mahali ambapo bei ni ya kilo peke yake, anayemwagilia mpaka usiku wa kuamkia kuchuma hupata zaidi kuliko aliyekata maji mapema ili sukari ikolee. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mkulima anayepimiwa kilo tu ana sababu gani ya kutoitia zabibu maji, tena kwa njia halali kabisa? Dai la kulipwa kwa kilo na kwa sukari pamoja linaweza kutolewa tu na mtu anayejua kwamba sukari ina kipimo, kipimo kina jina, na jina hilo halizidi ugumu wa neno kilo.

Ukitaka kumweleza mtu wa pwani namna divai inavyotengenezwa, mpeleke jikoni. Nazi iliyokunwa hukamuliwa zaidi ya mara moja. Tui la kwanza, kasimele, hutoka zito na la kupendeza. La pili huja kwa maji na nguvu za mikono. Zabibu nayo ina tui lake la kwanza: juisi inayotiririka kwa uzito wa punje zenyewe, kabla shinikizo halijakazwa. Hiyo ndiyo laini zaidi. Inayotoka baada ya kukaza imeburuta ukakasi wa ganda na kokwa, na mtengenezaji makini huiweka kwenye chombo chake, akaamua baadaye aichanganye au aiache. Kinachobaki ni machicha, neno lilelile, na siri ya rangi imo humo. Zabibu nyeusi za aina nyingi zina juisi isiyo na rangi. Weusi uko gandani. Ukiyatoa machicha mapema unapata divai nyeupe hata kwa zabibu nyeusi. Ukiyaacha saa chache inatoka ya waridi. Ukiyaacha siku kadhaa yachachuke pamoja na juisi unapata nyekundu, na ukakasi wake juu. Mtu aliyewahi kukuna nazi hahitaji zaidi ya hapo ili aelewe kwa nini divai nyekundu inakausha kinywa na nyeupe kwa kawaida haifanyi hivyo.

Mgema naye ana somo zima la uchachukaji, na amelifundisha kwa karne nyingi bila ubao. Linaloteremshwa mnazini bado bichi ni tembo tamu, ambalo wapishi hulitumia kuumulia vitumbua na mikate. Likikaa linakuwa tembo kali. Likiachwa zaidi, wazi, linakuwa siki. Hatua hizo tatu ndizo hatua tatu za juisi ya zabibu: sukari, pombe, siki. Chachu ndiyo inayofanya kazi kati ya ya kwanza na ya pili; kati ya ya pili na ya tatu ni bakteria wakisaidiwa na hewa, na ndiyo sababu pipa hujazwa mpaka mdomoni na chupa iliyofunguliwa haiwekwi mezani wiki nzima. Chachu zikimaliza chakula hufa na kutuama chini pamoja na vipande vya ganda: hayo ni mashapo. Unamimina polepole, unayaacha chini, kama unavyofanya na kahawa ya barazani.

Maneno mengine tuliyonayo yanatudanganya, na linaloongoza kwa udanganyifu ni "kavu". Divai ambayo chachu imeila sukari yote Wazungu huiita kavu, mtu mmoja akatafsiri bila kuuliza, na sasa neno limeandikwa kwenye chupa. Lakini sikio la Mswahili linajua ukavu wa chakula na kinywaji ni nini. Chai kavu ni chai isiyo na kitafunio. Wali mkavu ni wali usio na mchuzi. Kwa kipimo hicho divai kavu ni divai iliyokosa karanga. Baya zaidi, ukavu unampeleka mnywaji kwenye ukakasi, jambo tofauti kabisa: divai nyeupe isiyobakiwa na chembe ya sukari inaweza isiwe na ukakasi hata kidogo, na nyekundu yenye sukari tele inaweza kukausha kinywa kama bibo. Tukimbilie "kali" ya mgema? Nayo imelemewa. Ndimu ni kali kwa uchachu, tembo ni kali kwa pombe, pilipili ni kali kwa namna yake. "Isiyo tamu" ingefaa, kama tamu isingekuwa pia sifa ya kila kilichopikwa vizuri. Pilau tamu haina sukari, na muuzaji akitangaza divai isiyo tamu atakuwa anajifungia duka. Kwa maoni yangu njia rahisi ni ile tunayotumia kila asubuhi mgahawani. Chai ina sukari au haina. Divai iwe na sukari, na sukari kidogo, au bila sukari. Neno tamu tuliachie kazi yake ya kusifu.

Kuna pia maneno ya kigeni ambayo hata yakitafsiriwa vizuri hayatoshei Dodoma, kwa kuwa yalizaliwa kwenye baridi. Ulaya mzabibu hulala majira ya baridi, ukaamka, ukazaa mara moja. Mwaka ulioandikwa kwenye chupa una maana kubwa kwao: ni mwaka wa jua fulani na mvua fulani. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Kinachouamsha ni mkasi. Mkulima akipogoa, akikata matawi ya zamani na kuacha macho machache, mzabibu huchipua, hutoa maua, hufunga punje, na punje hubadili rangi na kuiva miezi kadhaa baadaye. Hivyo huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Mvuno unaoivia kwenye mvua za kati ya Desemba na Aprili hupambana na ukungu na maji mengi. Unaoiva kiangazi hupata jua kavu na sukari iliyokolea. Chupa mbili zenye mwaka mmoja, kutoka shamba moja, zinaweza kuwa divai mbili tofauti kabisa. Sasa kuna faida gani kuiga mwaka tu, ilhali mkulima yeyote wa mahindi au maharage husema masika na vuli, au msimu wa mvua na wa kiangazi, bila kufundishwa? Msimu uandikwe. Hapa Kiswahili cha shamba kina habari zaidi kuliko Kifaransa cha lebo.

Kuhusu mahali, Wafaransa wana neno lao, terroir, ambalo hupenda kusema halitafsiriki: udongo, mteremko, upepo, na desturi za walimaji, vyote vikiwa ndani ya ladha. Mama anayesimama sokoni na kusema anataka mchele wa Kyela, si mchele tu, anasema jambo hilohilo. Karafuu za Pemba, asali ya Tabora, machungwa ya Muheza: tumekuwa tukinunua mahali pamoja na bidhaa siku zote, na tumekuwa tukiibiwa mahali hapo pia, kwani mchele wa kwingineko hutiwa kwenye gunia lenye jina zuri. Kwa divai jambo hili lina uzito wa kisheria. Ushuru wa bidhaa nchini Tanzania umekuwa ukitenganisha divai ambayo zabibu zake zimetoka ndani ya nchi kwa zaidi ya asilimia 75 na ile isiyofikia hapo, na kuipa ya ndani unafuu. Zabibu za wapi, basi, ni swali la hazina na la mkulima kwa wakati mmoja. Neno la kulijibu ni rahisi kama "ya Hombolo".

Harufu ndiyo inayowatisha wengi, na nakiri kwamba hapo wauza divai wamejitakia lawama. Katika miaka ya 1980 mwanasayansi Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichoshwa na sifa zisizopimika kama umaridadi na heshima, akatengeneza gurudumu la harufu lenye majina ya vitu vinavyonusika: matunda, viungo, maua, mbao. Lengo lilikuwa kumrudisha mnywaji jikoni kwake. Kinachochekesha ni kwamba orodha ile sasa husomwa huku kwetu kama msahafu, na mtu ambaye hajawahi kuliona tunda jeusi la vichaka vya Ulaya hulazimika kudai amelinusa. Jikoni kwake kuna karafuu, iliki, ukwaju, pera, zambarau, fenesi, na kama ni mtu wa Dodoma basi ubuyu uko mlangoni. Uchachu wa ubuyu, ule unaokuja taratibu na unga wake ulimini, unaweza kueleza uchachu wa divai nyeupe kuliko tunda lolote la kuagizwa. Pipa la mwaloni hutoa harufu ya vanila na ya moshi. Wanaofukiza mitungi ya maji au ya maziwa hawatashangaa.

Wapo watakaosema biashara ya divai ni ya dunia, na anayetaka kuuza nje aseme kama dunia. Ni hoja nzito kwa sehemu yake. Brix ibaki Brix kama kilo ilivyobaki kilo, na Chenin Blanc ibaki na jina lake. Lakini dunia yenyewe haisemi kwa sauti moja. Afrika Kusini wakulima waliiita Chenin Blanc kwa jina la Steen kwa vizazi vingi, na waliuza. Zabibu ambayo Wafaransa huiita Syrah, Waaustralia huiita Shiraz. Mwaka 1925 mtaalamu wa mizabibu wa Afrika Kusini, Abraham Perold, alichanganya Pinot Noir na zabibu nyingine ambayo huko kwao iliitwa Hermitage, na jina la zao jipya, Pinotage, likashonwa kwa vipande vya majina hayo mawili. Waafrika Kusini walipozuiwa kutumia jina la Champagne kwa divai yao yenye mapovu, hawakuliacha soko. Waliunda jina lao, Cap Classique, na leo wanunuzi wa London wanalitamka. Kiswahili chenyewe hakijawahi kuogopa kupokea: mvinyo na pipa tuliyachukua kwa Wareno. Zabibu tuliitoa kwa Waarabu, ambao kwao neno hilo ni tunda lililokaushwa, bichi likiwa na jina jingine. Pengine kwa sababu majahazi yalituletea kilichokauka, tulilipa jina hilo hata tunda bichi, kisha tukalazimika kusema zabibu kavu. Lugha iliyoweza kuligeuza neno la kigeni namna hiyo haiwezi kuambiwa inyamaze mbele ya chupa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni lile la wanaokumbuka maneno yaliyotungwa yakafia kwenye makamusi. Ni kweli. Ngamizi haikuishinda kompyuta, na tarakilishi imebaki zaidi kwenye vitabu vya shule za Kenya. Lakini tazama maneno yaliyoishi. Ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaopaka mimea kama vumbi la sembe, ni jina ambalo lingetamkwa na kila mkorosho wa Kusini, kama mikorosho ingesema, kwa sababu wakulima walilihitaji kila msimu waliponunua salfa ya kuupuliza. Na ukungu wa jamii hiyohiyo huvamia mizabibu. Makonyo, vile vijiti vya karafuu, kila mkulima wa Pemba anajua havitakiwi ndani ya gunia la karafuu safi. Lumbesa, gunia lililojazwa likapandishwa kichwa, ni neno la mitaani lililotaja wizi waziwazi kiasi kwamba serikali nayo imelazimika kulitumia inapoupiga vita. Maneno hayo hayakuishi kwa amri. Yaliishi kwa kuwa yalibeba hasara na faida ya mtu. Kwa hiyo siliombi Baraza la Kiswahili la Taifa likae litunge istilahi 200 za divai. Naomba yaliyopo yatumike: ukakasi kwa kinachohisiwa mdomoni, na tanini, kwa tahajia yetu, kwa kinachopimwa maabara. Yote mawili yana nafasi.

Kisha kuna wasomaji ambao tangu aya ya kwanza wamekuwa wakijiuliza kwa nini gazeti la watu wote linawafundisha watu kunywa. Wengi wao imani yao imewakataza, na sina ugomvi na hilo. Ila zabibu si divai pekee: ni tunda la mezani, ni juisi, ni siki, ni zile punje zilizokunjamana juu ya biriani ya harusi, na mkulima anayejua Brix hunufaika nayo hata kama tone la mavuno yake halitachachuka. Zaidi ya hapo, maneno ya wazi hayamnyweshi mtu. Mara nyingi humzuia. Chupa ya mililita 750 yenye pombe ya asilimia 14 ina mililita 105 za pombe tupu. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina 25. Anayemaliza chupa hiyo peke yake huku akiamini amekunywa "maji ya matunda tu" amekunywa zaidi ya bia nne, na mvinyo ulioongezewa pombe kiwandani huzidi hata hapo. Habari hiyo imo kwenye lebo, kwa herufi ndogo. Kinachokosekana ni kuielezea.

Nikiulizwa basi lebo ya nyuma iandikweje, ningependekeza mistari michache isiyohitaji mkalimani: zabibu, Makutupora Nyekundu, shamba, Hombolo, zimechumwa msimu wa kiangazi, na mwaka wake, bila sukari, ukakasi wa wastani, harufu ya zambarau na karafuu, pombe asilimia 13, chini kuna mashapo, mimina taratibu, ikifunguliwa imalizwe ndani ya siku tatu. Na karatasi anayopewa mkulima langoni iwe na safu mbili badala ya moja, kilo na Brix, zijazwe zote mbili yeye akiwa amesimama hapohapo, baada ya refraktomita kupitishwa mkononi mwake achungulie mwenyewe.